Pikipiki Kuukuu na Cheche za Elektroniki: Pima Kwanza



Pengine nyuma ya ghala lako la mahindi imo pikipiki ambayo baba yako aliinunua zamani, au ambayo wewe mwenyewe uliipata kwa bei ndogo kwa mtu aliyehama. Kuku wanalala juu ya kiti chake. Kila mwaka wasema utaitengeneza. Sasa mwaka huu umesikia kwamba kuna kisanduku kidogo cha elektroniki ambacho ukikifunga, mashini ya zamani huwaka kwa kiki moja kama boda boda iliyotoka dukani jana. Fundi amekuambia hivyo, tena amekutajia bei. Kabla hujauza kitu chochote ili upate fedha hizo, nakuomba usome maneno haya mpaka mwisho.

Maoni yangu nayasema mapema ili usiyatafute. Cheche za elektroniki ni kitu chema, na kwa pikipiki ya kazi ya kila siku nazipendelea kuliko pointi. Lakini kisanduku hiki hakiponyi injini mbovu. Kikifungwa juu ya injini iliyochoka, kitakachotoka ni injini ile ile iliyochoka, na mfuko mtupu. Tena kama kitafungwa, kifungwe kizima pamoja na vitu vyake vyote, au kisifungwe kabisa.

Nayasema haya kwa sababu ya jirani yangu mmoja hapa katika skimu yetu. Yeye ni mtu wa kazi, anakamua ng'ombe wanne, na maziwa yake ya asubuhi yapasa kufika kituo cha kupozea kabla jua halijapanda. Wakati wa mvua gari la maziwa halifiki kwake, maana barabara huwa tope. Akitembea na mkebe kichwani atachelewa, na maziwa yakichelewa hukataliwa mlangoni. Alikuwa na BSA Bantam ya baba yake, akaamua kuifufua. Alimwuza mtamba mmoja mzuri aliyekuwa karibu kupandishwa ili apate fedha za cheche za elektroniki. Nitakueleza yaliyompata, lakini kwanza nikuambie pikipiki yenyewe ni ya namna gani, kwa sababu bila kuijua hutaelewa kosa lilikuwa wapi.

Bantam ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, tangu 1948 mpaka 1971. Ile ya kwanza, iitwayo D1, ina injini ya senti 123, ya petroli iliyochanganywa na oili. Mchoro wake haukuwa wa Waingereza. Ulikuwa wa pikipiki ya Kijerumani iitwayo DKW RT 125, na baada ya vita vikuu vya pili washindi waliuchukua mchoro ule kama fidia. Waingereza wakatengeneza yao, Warusi yao, Wamarekani wa Harley-Davidson yao, na hata Wajapani wa Yamaha walipoanza kuunda pikipiki mwaka wa 1955 waliuiga huo huo. Mashini iliyoigwa na watu wengi hivyo haikuwa mbaya. Posta ya Uingereza iliwapa vijana wa kupeleka simu za maandishi pikipiki hizi, na vijana wale hawakujulikana kwa upole wao kwa mashini.

Bantam nyingi za D1 zina magneto iliyomo ndani ya gurudumu zito la sumaku, ambalo mafundi huliita flaiwili. Gurudumu hili hukaa penye ncha ya krenki na huzunguka pamoja nayo. Sumaku zikipita mbele ya koili, umeme huzaliwa ndani ya koili. Kisha pointi mbili ndogo zilizogusana hufunguka ghafula, umeme ule hukatika, na kwa kukatika kwake huruka cheche penye plagi. Ziko pia pikipiki zinazotumia betri na koili mahali pa magneto, lakini kazi ya pointi ni ile ile: kufunguka kwa wakati wake barabara. Kando ya pointi kuna kimkebe kidogo kiitwacho kondensa, ambacho kazi yake ni kuumeza umeme unaotaka kuruka kati ya pointi zenyewe. Kondensa ikifa, cheche huruka pasipotakiwa, pointi huungua, na plagi hupata cheche dhaifu ya manjano.

Tafadhali angalia jambo moja hapa. Magneto haihitaji betri. Betri ya Bantam ya namna hii ikifa kabisa, au isipokuwako, injini bado huwaka. Kwa mkulima aliye mbali na duka hili si jambo dogo, nami nitalirudia.

Sasa fikiri kazi ya pointi hizo. Injini ya Bantam hupata cheche moja kila krenki inapozunguka mara moja. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na huo ni mwendo wa kawaida tu, pointi hufunguka na kufunga mara 50 kila sekunde. Kwa saa moja ni mara 180,000. Kisigino kidogo cha pointi kinachosugua chuma husagika polepole, nafasi kati ya pointi hupungua, na cheche huanza kuchelewa. Nyuso za pointi nazo huchimbika na kufanya chunusi. Ndiyo sababu mzee wa zamani aliyekuwa na pikipiki alikuwa na vyuma vyembamba vya kupimia nafasi, vile ambavyo mafundi huviita fila, na alivitunza kama miwani yake.

Mtambo wa elektroniki hauna kitu kinachosuguana. Sumaku hupita mbele ya kijikoili kidogo, kijikoili hutoa ishara, na ndani ya kisanduku kuna kitu kinachokata umeme au kuuachilia bila kufunguka kwa chuma chochote. Ukishaupanga wakati wake mara moja, haubadiliki mwaka hata mwaka. Hakuna kisigino cha kusagika wala chunusi za kusugua. Boda boda unazoziona sokoni karibu zote zina mtambo wa namna hiyo, nawe huwaoni vijana wake wakifungua pointi kando ya njia. Jambo hili si geni hata kidogo. Kawasaki waliuza pikipiki yenye cheche za elektroniki tangu 1969, yaani Bantam ilipokuwa bado inatengenezwa.

Basi jirani yangu alifanya nini? Fundi wake hakuagiza mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya Bantam. Alimwambia, “Mzee, vitu vya Ulaya ni ghali na vinachelewa njiani. Mimi nitakufungia sidii ya boda boda, umeme ni umeme.” Alinunua kisanduku cha boda boda, koili na plagi mpya, akakiunganisha na koili kuukuu ya magneto. Alipiga kiki asubuhi mpaka saa sita. Hakuna cheche. Akabadilisha kisanduku, akanunua cha pili. Safari hii ilitoka cheche moja moja, nayo ilikuja wakati pistoni iko mahali pabaya, na teke lilimrudia fundi likamvimbisha kifundo cha mguu.

Umeme si umeme tu. Kisanduku cha boda boda cha namna ile hutaka koili yake maalum ya kukilisha umeme wa nguvu nyingi, na kijikoili kingine cha kukiambia wakati wa kuachilia cheche. Magneto ya Bantam haina hata kimoja. Koili yake imefumwa kwa kazi nyingine kabisa. Visanduku vingine vya siku hizi hulishwa na betri, navyo ukivifunga penye magneto ya zamani hufa papo hapo. Mtu akikuambia kwamba atachukua kisanduku chochote cha dukani na kukifunga penye pikipiki yoyote, mwulize maswali mawili: kitalishwa na koili gani, na ishara ya wakati kitaipata wapi? Akikosa jibu, funga mfuko wako umpe chai aende zake.

Jirani yangu hakukata tamaa. Fedha zilizobaki aliziagizia mtambo wa kweli kutoka ng'ambo, ule uliotengenezwa kwa Bantam, na baada ya majuma mengi ukafika. Ulifungwa barabara. Cheche zilikuwa za buluu na nene, watu walikuja kuziangalia. Injini ikawaka. Lakini ilipiga kelele kama inayokimbizwa, haikutaka kutulia, ilitoa moshi mweupe mwingi, na ikishika moto ilizima na kukataa kuwaka tena. Ilikuwa ikifanya hivyo hivyo hapo zamani, wakati wa pointi. Ndipo aliponiita.

Nilimwambia aondoe kifuniko, ashike gurudumu la sumaku kwa mikono miwili na kulitikisa juu na chini. Lilicheza mkononi. Beringi za krenki zilikuwa zimekwisha, na mipira inayozuia hewa penye ncha zake ilikuwa imekauka na kupasuka. Katika injini ya petroli iliyochanganywa na oili, hewa na petroli hupita kwanza ndani ya tumbo la injini, chini ya pistoni, kabla ya kwenda juu kuungua. Mipira ile ikipasuka, tumbo hufyonza hewa isiyopita kwenye kabureta, na injini hupata hewa nyingi na petroli kidogo. Hukimbia bila kukanyagwa. Hupata moto kupita kiasi. Tena mpira wa upande wa pili ukipasuka, hufyonza oili iliyo upande wa klachi na kuichoma, na hapo ndipo moshi ulipotoka. Cheche hazikuwa na kosa lolote. Beringi na mipira ile, pamoja na kazi ya fundi mwangalifu, zingemgharimu sehemu ndogo tu ya thamani ya mtamba wake.

Hata zile pointi alizozilaumu miaka yote hazikuwa na dhambi. Chuma kinachozifungua kimekaa penye ncha ya krenki. Krenki ikicheza, nafasi ya pointi hucheza nayo, leo kubwa kesho ndogo, na hakuna fundi awezaye kuipima sawasawa. Alikuwa amezibadilisha mara tatu.

Kwa hiyo nakushauri utumie nusu siku moja kabla hujanunua chochote. Anza na kutikisa gurudumu kama nilivyosema. Likicheza, acha habari za cheche, fungua injini. Lisipocheza, toa plagi, ivae kofia yake, iegemeze penye chuma cha injini, kisha piga kiki mahali penye kivuli ukitazama. Iweke mbali na tundu la plagi, maana mvuke wa petroli utokao hapo waweza kushika moto. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Cheche nyembamba ya manjano, au isiyokuja kila mara, ndiyo inayokuonyesha kwamba ugonjwa uko upande wa umeme, na hapo utaanza na vitu vya bei rahisi: plagi, kofia yake, waya wake mnene ambao baada ya miaka mingi huwa umeoza ndani ingawa nje waonekana mzima, na waya wa swichi ambao ukigusa chuma hunyonya cheche yote.

Halafu pointi. Zifungue utie kipande cha karatasi safi kati yao, zifunge, ukivute. Karatasi ikitoka nyeusi, endelea na nyingine mpaka itoke safi. Mafuta kidogo tu yatosha kuzuia cheche, na mtu anayepaka grisi nyingi penye chuma cha pointi hujiletea msiba mwenyewe. Kama kuna chunusi, zisugue kwa tupa nyembamba sana, wala si kwa msasa unaoacha mchanga. Kisha pima nafasi. Kwa Bantam ya D1 yenye magneto ya Wipac ni karibu sehemu 15 za elfu za inchi, yaani kama milimita 0.38, kwa Honda ndogo za zamani zenye pointi ni milimita 0.3 mpaka 0.4. Lakini kitabu cha mashini yako ndicho chenye neno la mwisho.

Ikiwa pikipiki huwaka vizuri ikiwa baridi, na baada ya maili chache hukohoa na kufa, kisha huwaka tena ikipoa, mshuku kondensa kabla ya kumshuku mtu mwingine. Kondensa nyingi za zamani zimekaa ndani ya flaiwili, mahali penye moto mwingi. Wako watu wengi wenye Bantam ambao huiacha ile ya ndani na kufunga mpya nje, chini ya tangi, penye hewa, wakivuta waya mmoja tu. Ni kazi ya saa moja, na pikipiki nyingi zilizosemwa kwamba zataka elektroniki zimepona kwa hilo peke yake. Koili nayo huweza kufa kwa namna hiyo hiyo, na koili ikifa hakuna njia ila kuifuma upya au kununua nyingine.

Angalia pia kile kipande kidogo cha chuma, umbo la nusu mwezi, kinachofungia flaiwili penye krenki. Kikikatika nusu, gurudumu husogea kidogo, na wakati wa cheche hupotea wote hata pointi zikiwa mpya. Na ukiling'oa gurudumu, tumia kifaa chake cha kuvutia. Usilipige nyundo. Nyundo hupinda krenki na kudhoofisha sumaku, na sumaku za siku zile hupoteza nguvu hata kwa kuachwa wazi bila kipande cha chuma cha kuzifunga. Nimeona flaiwili nzuri ikiharibiwa kwa dakika tano na mtu mwenye mikono yenye nguvu na haraka nyingi.

Sasa tuseme umefanya hayo yote. Injini ni nzima, beringi ni imara, pikipiki yawaka kwa pointi. Je, kuna haja ya elektroniki tena? Hapa yafaa kuuliza pikipiki yenyewe ina kazi gani. Ikiwa hutoka Jumapili na siku ya soko, bakia na pointi. Nyuso zake ukizisafisha mara mbili kwa mwaka zitakutumikia kwa muda mrefu, tena zina tabia moja njema: huharibika polepole na hukuonya. Leo kiki mbili, juma lijalo kiki nne. Zikikushinda njiani, tupa ya kucha na kipande cha karatasi vyaweza kukufikisha nyumbani. Kisanduku cha elektroniki hakionyi mtu. Kikifa kimekufa, ndani kimejazwa gundi ngumu isiyofunguka, na hakuna fundi chini ya mti wowote atakayekitengeneza. Utasukuma.

Lakini ikiwa inabeba maziwa kila siku alfajiri, mvua na jua, mimi nasema funga elektroniki, nami sioni haya kusema hivyo ingawa wako watu wanaoamini kwamba mashini ya zamani haifai kubadilishwa hata skrubu. Hao nawaheshimu. Pikipiki ya kuonyeshwa watu ibaki kama ilivyozaliwa. Ile ya kukulipia karo ya watoto ina haki ya kupata viatu vipya.

Katika kununua, fahamu kwamba kuna namna mbili. Ya kwanza huondoa pointi tu na kuweka kijikoili na kisanduku mahali pake, nayo hulishwa na betri. Ni ya bei nafuu, na kwa pikipiki ambayo tangu mwanzo ilitumia betri na koili ni sawa. Ya pili huleta vyote: flaiwili mpya yenye sumaku kali, koili mpya za kuzalisha umeme, na kisanduku, nayo hujitegemea bila betri. Ni ghali zaidi. Kwa Bantam ya magneto, mimi siwezi kukushauri uchukue ile ya kwanza. Utakuwa umeichukua mashini iliyoweza kuwaka bila betri na kuifanya mtumwa wa betri, na betri ya pikipiki iliyosimama majuma mawili shambani ni betri iliyokufa. Ile ya pili, juu ya cheche, hukupa pia umeme wa voliti 12 mahali pa voliti 6, na taa yako alfajiri itaonyesha shimo kabla hujaingia ndani yake. Kwa mtu abebaye mikebe, taa hiyo peke yake ina thamani kubwa.

Kwa pikipiki nyingine za zamani, hasa zile za injini isiyochanganya oili na petroli, kuna jambo la kuongeza. Nyingi zina vyuma viwili vizito na spring zake vinavyowahisha cheche injini ikienda mbio. Baadhi ya mitambo ya elektroniki huviondoa na kufanya kazi hiyo yenyewe, na mingine huviacha. Ikiviacha, nawe spring zako zimelegea, utakuwa umejenga nyumba mpya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa. Uliza kabla ya kulipa.

Uangalie sana upande wa betri. Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ile zilifungwa upande wa chanya wa betri penye chuma cha pikipiki, kinyume cha magari ya leo. Fundi aliyezoea boda boda atafunga upande wa hasi kwa mazoea tu, na kisanduku kisichopatana na hilo kitaungua kabla hajaondoa mkono. Soma karatasi iliyokuja na mtambo, na kama hujui lugha yake mwite mtoto wa shule akusomee neno kwa neno. Hiyo si aibu.

Kosa jingine ni la rangi. Mtu huipaka pikipiki yake rangi mpya, ikang'aa, halafu hafahamu kwa nini haiwaki. Umeme wapasa kurudi kupitia chuma, na rangi huuzuia. Kwaruza mpaka chuma kionekane pale waya wa kurudishia umeme unapofungwa, na uvute waya mmoja mzuri kutoka injini mpaka fremu. Kofia ya plagi iwe ile yenye kizuizi ndani kama karatasi inavyotaka, kwa sababu cheche kali zisizozuiliwa husumbua kisanduku chenyewe. Usipige kiki hata mara moja huku waya wa plagi ukining'inia hewani, maana nguvu isiyopata njia ya kutoka hurudi ndani na kuua mtambo. Usiache swichi wazi injini ikiwa imezima, kwa ule ulishwao na betri. Na siku utakapompelekea mchomeleaji akuzibie ufa wa fremu, ng'oa kwanza waya zote za kisanduku.

Kuhusu wakati wa cheche sitaandika mengi, kwa kuwa kila mashini ina wake. Katika Bantam ya D1 cheche hutakiwa pistoni ikiwa karibu milimita 4 kabla ya kufika juu kabisa. Ikiwahi mno, teke hurudi na pistoni yaweza kutoboka. Ikichelewa, injini hukosa nguvu na kuwaka moto. Pima kwa kijiti kilichonyooka kupitia tundu la plagi, weka alama ya kudumu penye flaiwili, kisha omba mtu mwenye taa ya kumulika taimingi ahakikishe injini ikienda. Fanya hivyo siku ya kwanza na hutarudia.

Jirani yangu alifungua injini mwezi uliofuata. Beringi mpya, mipira mipya, yote aliyafanya kwa fedha za kukopa katika chama cha ushirika, na anayalipa kwa maziwa. Ule mtambo wa ng'ambo sasa unafanya kazi yake, na kweli pikipiki huwaka kwa kiki ya kwanza au ya pili. Maziwa hufika mapema. Nilipomwuliza kama angefanya tena alivyofanya, alicheka akasema angeanza na kutikisa gurudumu, na mtamba angekuwa zizini na ndama wake.

Zile pointi na koili za zamani usizitupe wala usimpe fundi aondoke nazo. Zipake oili nyepesi, zifunge kwa kitambaa, utie ndani ya mkebe wenye kifuniko pamoja na skrubu zake, na uandike juu yake siku ulipozitoa. Kwa mtambo ule wa kuondoa pointi tu, mkebe huo waweza kubebwa chini ya kiti: kisanduku kikifa njiani, utarudisha pointi kwa muda wa nusu saa na kuendelea na safari. Na ukifungua mashini yako ukakuta jambo ambalo halikutajwa hapa, tuandikie. Utaje aina ya pikipiki, mwaka wake kama waujua, voliti zake, na kama ina magneto au betri, kwa maana bila hayo hatuwezi kukujibu.